Spika Kwanza: Kwa Anayenunua Muziki wa Sebuleni kwa Mara ya Kwanza

Ukiingia kwenye maduka ya redio Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, kitu cha kwanza kukukaribisha ni namba. Wati 8,000. Wati 12,000. Zimechapwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi la sabufa, na muuzaji anazitaja kabla hujauliza chochote. Mtu anayeanza, ambaye haja yake ni kukaa jioni asikilize nyimbo anazozipenda zikiwa na uhai wake wote, anajikuta analinganisha namba badala ya sauti. Nina jambo moja la kumwambia, na mengine yote yanatokana na hilo: unachokisikia ni spika na chumba. Amplifaya ina kazi yake, simu na flashi zina kazi yake, waya nao una kazi yake, lakini vyote hivyo hukufikia kupitia koni ya spika na kuta za nyumba yako. Pesa na akili zielekee huko kwanza.

Tuzimalize hizo wati kabla ya kwenda mbele, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Muombe muuzaji aigeuze mashine uione mgongoni. Karibu na pale unapoingia waya wa umeme kuna kibandiko kidogo chenye maandishi madogo: volti 220 hadi 240, hezi 50, halafu namba ya wati. Hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho mashine inakula. Unaweza kukuta 60 kwenye mashine ambayo boksi lake linatangaza 8,000. Sasa, hakuna mashine inayoweza kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia. Tena haitoi yote: amplifaya za mtindo wa zamani, zile nzito zenye bati la mapezi la kupozea joto, hupoteza karibu nusu ya umeme kuwa joto, na zile nyepesi za kisasa za daraja D hufikisha kwenye spika asilimia kama 85 hadi 90. Kwa hiyo sabufa inayokula wati 60 itakupa, ikijitahidi sana, wati 50 za kweli, tena zigawanywe kwa spika zote. Hata plagi inatoa ushahidi. Plagi zetu za pini tatu hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni takriban wati 3,000.

Namba ile kubwa huitwa PMPO. Inataja mlipuko wa nguvu wa kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji huipima kwa namna yake, kwa hiyo huwezi kulinganisha PMPO ya boksi moja na ya boksi jingine. Iache. Tafuta neno RMS, au maelezo ya wati kwa kila upande kwenye omu 8 au omu 4, kile kipimo cha ukinzani wa spika. Kifaa kisichotaja hilo popote, si kwenye boksi wala kwenye kijitabu, kimekuambia jambo la kutosha kuhusu aliyekitengeneza.

Na wati za kweli unazohitaji ni chache kuliko unavyodhani. Kwenye maelezo ya spika kuna namba ya usikivu wake: desibeli ngapi hutoka kwa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya 84 na 90. Desibeli 85 tayari ni sauti inayokulazimu kupaza yako ukitaka kuongea na aliye pembeni, na hapo tumetumia wati moja tu. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3, ambayo sikio linaitambua lakini halishtuki. Ili usikie kama sauti imekuwa mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Piga hesabu uone: spika ya desibeli 90 ikipewa wati 25 inafika mahali pamoja na spika ya desibeli 84 iliyopewa wati 100. Anayekimbilia amplifaya kubwa na spika dhaifu amelipa mara nne kwa sauti ileile. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 hadi 50 halisi kwa kila upande zinatosha na kubaki.

Sasa tuseme ununue nini. Seti ya sabufa, lile boksi moja la chini na vispika vyake vya pembeni, ina mahali pake. Kwa kipaimara uani, kwa filamu za vita, kwa vijana kucheza, itafanya kazi. Tatizo ni pale unapotaka kusikiliza. Vile vispika vya pembeni vina koni ndogo mno kushuka chini, kwa hiyo boksi la sakafuni linalazimika kubeba si besi peke yake bali na sehemu ya sauti ya mwimbaji. Mwanaume akiimba, kifua chake kinatokea chini ya kabati la televisheni na midomo yake inatokea ukutani. Na besi yenyewe mara nyingi ni ya noti moja. Mpiga gitaa anapanda na kushuka, lakini boksi linajibu kwa kishindo kilekile, du, du, du, kwa sababu limetengenezwa livume kwenye eneo moja tu.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni jozi ya spika mbili za mezani, kila moja ikiwa na koni ya inchi 5 hadi 6 na nusu na twita yake, kile kispika kidogo cha sauti za juu, basi. Mbili nzuri hushinda tano hafifu kwa bei ileile. Unaweza kuzipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni spika zisizo na umeme, ukazinunulia amplifaya yake ya njia mbili. Ya pili ni spika zenye amplifaya ndani yake, unazozichomeka kwenye soketi na kuziunganisha na simu au kompyuta moja kwa moja. Kama hujawahi kumiliki muziki wa maana, anza na hii ya pili. Mtengenezaji ameshalinganisha amplifaya na koni, hakuna omu za kukuumiza kichwa, na vifaa vya kuharibika ni vichache. Ya kwanza ina faida yake: unaweza kubadilisha kipande kimoja baada ya kingine miaka inavyokwenda, na soko la mtumba liko upande wake.

Za kwenye kundi la pili huuzwa madukani mwa vyombo vya bendi na studio kuliko kwa wauza televisheni, kwa hiyo fika na huko. Edifier R1280T, kwa mfano, ni jozi ndogo ya kuanzia yenye jumla ya wati 42 za RMS. Namba ndogo, lakini ya kweli, na chumba cha kawaida inakijaza. Yamaha HS5, ambayo utaikuta katika studio nyingi za kurekodia, ina koni ya inchi 5 na wati 70 kwa kila spika. Itazame karatasi yake ya maelezo, ina funzo zuri. Imeandikwa kwamba inashuka hadi hezi 54 ikiwa imepungua desibeli 10, na hadi hezi 74 ikiwa imepungua desibeli 3. Spika ni ileile. Namba ya kwanza ni pale ambapo besi bado inanong'ona, ya pili ni pale inaposikika kwa nguvu yake karibu yote. Mtengenezaji anayekuandikia zote mbili anakuheshimu. Anayeandika "hezi 20 hadi 20,000" bila neno lolote mbele yake ametaja tu mipaka ya sikio la binadamu. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41, kwa hiyo spika ya inchi 5 haitakupa mzizi wote wa noti hiyo, ingawa sikio lenyewe huijazia kutokana na sauti za juu zinazoandamana nayo. Ukihitaji zaidi, sabufa nzuri moja itaongezwa baadaye, ikiwekwa ijaze pale chini tu.

Kama unaishi chumba kimoja na ukuta wa jirani uko kichwani pako, headphone nzuri za waya zitakupa sauti safi kwa pesa ndogo kuliko spika zozote. Zitunze pamoja na masikio: Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, ila ukifika 90 unabaki na saa 4 tu kwa wiki nzima.

Kuhusu mgawanyo wa bajeti, ukichagua njia ya vipande vipande, zaidi ya nusu iende kwenye spika. Mwenye laki 6 atenge laki 3 na nusu au 4 kwa spika, kinachobaki kiwe cha amplifaya, na waya achukue elfu chache za mwisho. Najua wauzaji watakuambia kinyume, kwa kuwa amplifaya ina taa, rimoti na vitufe vya kuonyesha, na spika ni boksi la mbao tu. Lakini tofauti kati ya amplifaya mbili nzima zenye nguvu zinazolingana ni ndogo, na tofauti kati ya spika mbili inasikika hata na mtoto aliyeko jikoni.

Sasa nenda dukani, na uende asubuhi. Saa nne tayari Kariakoo imeshachangamka, kila duka limefungulia lake, na hapo husikilizi, unakisia. Beba nyimbo zako mwenyewe, tatu au nne, zile ulizozisikiliza mpaka unajua mwimbaji anavuta pumzi wapi. Muuzaji atataka akuwekee wimbo wake, ambao ameuchagua kwa sababu unaipendezesha mashine yake. Mwambie kwa upole: "Kaka, naomba nijaribu na za kwangu. Na besi na trebo ziweke katikati tafadhali, ekwalaiza izime." Wengi watakubali bila shida. Asiyekubali, mshukuru uende duka linalofuata.

Chukua wimbo "Sina Makosa" wa Les Wanyika, ambao karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki inaufahamu. Usianze na kuusikiliza wote kwa pamoja. Lifuate gitaa la besi peke yake tangu mwanzo. Je, kila noti ina urefu wake na jina lake, au zinaungana kuwa vumbi la ngurumo? Kisha lishike gitaa la kati, lile linalojirudia bila kuchoka chini ya solo. Kwenye spika hafifu hulisikii kabisa mpaka ulitafute, kwenye spika nzuri liko pale muda wote na linakuchezesha bega bila kukuomba ruhusa. Halafu sikiliza sauti za waimbaji wanapoingia pamoja. Unaweza kuwahesabu? Unaweza kumfuata mmoja na kuwaacha wengine? Funga macho: mwimbaji yuko katikati ya spika mbili, mahali ambapo hakuna kitu, au amegawanyika kushoto na kulia? Rekodi za stereo zikichezwa na jozi inayolingana humweka katikati kabisa.

Mpenzi wa taarabu asilia ana mtihani mkali zaidi mkononi. Chukua rekodi ya Culture Musical Club ya Zanzibar, ngoja fidla ziingie zote kwa pamoja. Spika mbaya huzigeuza kuwa mlio mmoja mkali unaochoma, mfano wa msumeno, na kanuni inabaki na ncha ya kucha bila nyuzi. Spika nzuri inakupa mwanzo wa mvumo na mwisho wake, mbao za udi zinasikika kuwa mbao, na besi kubwa inayopigwa kwa vidole ina duara lake. Ukitaka rekodi ya ala zilizopangwa kwa nafasi, Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, iliyotoka mwaka 1989 kwa lebo ya Real World ya Uingereza, inafaa sana. Rekodi za zamani za Radio Tanzania, bendi ikipiga pamoja ndani ya studio, ni hazina, lakini usizitumie kuamua besi ya spika. Spika haiwezi kutoa kisichokuwemo kwenye mkanda.

Jaribu na sauti ya mtu anayeongea pia. Weka taarifa ya habari. Masikio yetu yameishi na sauti za watu tangu tumboni, hayadanganyiki kirahisi. Wahandisi wa BBC waliobuni spika ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje ambamo hapakuwa na nafasi ya boksi kubwa, waliutumia sana mtihani huo wa maneno ya kawaida. Msomaji akisikika kama anaongea ndani ya ndoo, au herufi s zake zikipuliza kama tairi linalotoka upepo, hakuna ekwalaiza itakayotibu.

Tahadhari moja kubwa zaidi hapo dukani: sauti iliyo juu hupendeza daima. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walichora jinsi sikio linavyopokea sauti za chini na za juu, wakaonyesha kwamba muziki ukiwa wa chini tunapoteza besi kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo spika iliyofunguliwa zaidi kidogo tu itaonekana ina besi nzito na uwazi mwingi, na wewe utadhani ndiyo bora. Pakua programu ya kupimia desibeli kwenye simu, iweke pale unapokaa, na uhakikishe spika zote unazolinganisha ziko kiwango kimoja. Simu si kipimo cha maabara ila kwa kulinganisha inatosha. Kisha kaa na kila jozi angalau robo saa. Trebo kali hufurahisha dakika mbili za mwanzo na kuchosha saa nzima inayofuata; ukianza kutamani kupunguza sauti bila kujua kwa nini, sababu ni hiyo.

Mtumba unastahili heshima. Amplifaya na spika za miaka ya 1970 hadi 1990 zilizoletwa kutoka Uingereza, Ulaya au Japani zinaweza kukupa, kwa bei ya sabufa mpya, mashine ambayo ilikuwa fahari ya mwenye nayo. Lakini nenda na fundi, au nenda na macho ya fundi. Kwanza soma kibandiko cha mgongoni. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni cha volti 100, cha Marekani ni cha volti 120. Ukikichomeka kwenye 230 zetu kitaungua siku hiyohiyo. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa. Baadhi ya mashine zina kiswichi cha kuchagua volti huko nyuma: hakikisha kipo kwenye 220 au 240 kabla mtu yeyote hajagusa soketi.

Ukiiwasha, amplifaya nyingi nzuri husubiri sekunde chache kisha unasikia "tak" ya rilei inayounganisha spika. Isiposikika kwenye mashine ya aina hiyo, kuna hitilafu ndani. Zungusha kitasa cha sauti polepole kutoka chini hadi juu. Kikikwaruza ni vumbi na kutu, fundi husafisha kwa dawa ya kupuliza, na hiyo ni hoja yako ya kupunguziwa bei. Lakini upande mmoja ukipotea moja kwa moja, au mvumo mzito ukiendelea bila muziki wowote, acha. Kwenye spika, vua kitambaa cha mbele. Weka vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni, uisukume ndani taratibu na kwa usawa. Iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili imeungua au imepinda. Kisha tazama ule mduara laini unaoishika koni ukingoni. Wa mpira hudumu. Wa sponji huoza kwa unyevu na joto, na kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huoza mapema. Ukiugusa unabaki na unga mweusi kidoleni. Mduara mpya huwekwa na mafundi wanaofanya kazi hiyo, kwa hiyo spika nzuri yenye sponji iliyooza si takataka, ila gharama ya fundi iingie kwenye bei unayotoa.

Santuri niziguse kwa ufupi. Kama marehemu babu alikuachia sahani zake, nunua gramafoni, ukikumbuka kwamba yenye mota inayofuata mapigo ya umeme, ikiwa ya hezi 60, itazunguka polepole kwa asilimia 17 kwenye hezi 50 zetu na nyimbo zote zitasinzia, na kwamba amplifaya lazima iwe na tundu la phono au kifaa chake cha pembeni. Kama huna sahani hata moja, usianzie hapo.

Chanzo cha muziki kwa wengi wetu ni simu. Bluetooth inatosha kwa shughuli za nyumbani, lakini wimbo hupitia kubanwa mara ya pili njiani. Ukikaa kusikiliza, tumia waya: pini ndogo upande wa simu, jeki nyekundu na nyeupe upande wa spika. Simu isiyo na tundu la headphone inahitaji adapta ya USB-C. Fungua sauti ya simu karibu na mwisho, kisha punguza kwenye spika. Muhimu kuliko waya ni faili lenyewe. Nyimbo za kuwekewa kwenye flashi kibandani mara nyingi zimebanwa, zikafunguliwa, zikabanwa tena. Matoazi yanasikika kama maji ya bomba. Kuliandika upya faili la kilobiti 128 kwa sekunde kuwa 320 hakurudishi kilichokatwa. Kwenye huduma za kusikiliza kwa mtandao, nenda kwenye mipangilio uchague ubora wa juu: kwa kilobiti 320 kwa sekunde utatumia MB 144 kwa saa, kwa hiyo pakua ukiwa na Wi-Fi. Na CD za zamani zilizojaa kabatini usizitupe. Ubora wake wa kilobiti 1,411 kwa sekunde haujabadilika tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982.

Waya wa spika usikufilisi. Waya laini wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha kwa mita chache, mradi ni shaba kweli na si alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ukwangue kwa kisu, weupe ukitokea urudishe. Unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, koni zinasukumana kinyume, besi inatoweka na mwimbaji anakosa mahali pa kusimama. Kama alama zimefutika, tumia betri ya tochi ya volti 1.5: iguse kwenye ncha za waya mara moja tu. Koni ikirukia nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Na kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, weka kifaa cha kulinda kama kile cha friji, au ng'oa plagi umeme unapokatika.

Sasa chumba, ambacho hakikugharimu kitu dukani na ambacho kitaamua kuliko vyote. Sebule zetu nyingi ni tofali za sementi, vigae sakafuni, vioo vya alumini, dari ya jipsamu. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi wa kutetema unaofuata, trebo yote ya spika zako itaruka hivyohivyo kutoka ukuta hadi ukuta. Dawa yake iko nyumbani: zulia kati ya spika na kochi, mapazia mazito badala ya yale mepesi, kabati la vitabu lenye vitabu vya saizi tofauti kwenye ukuta wa nyuma yako. Trei za mayai zilizogundishwa ukutani hazisaidii besi hata kidogo, ziache.

Kisha mahali pa spika. Kila ninapoingia kwenye nyumba naziona juu ya kabati, au zimesukumwa pembeni kabisa ya chumba ili kisiharibike kitu kingine. Ukuta mmoja ukiwa karibu unaongeza besi. Kona, yenye kuta mbili na sakafu, inaiongeza maradufu na kuifanya nzito isiyoeleweka. Vuta spika mbele, sentimita 30 hadi 60 kutoka ukutani kama nafasi inaruhusu. Ziweke mbali kati yake kama ulivyo mbali nazo, ili wewe na spika mbili muwe pembe tatu zenye umbali sawa, mita mbili mbili kwa mfano. Twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Stendi inachongwa na seremala yeyote wa mtaani, iwe nzito isiyotikisika, na miguu yake iwekewe mpira. Kochi lisibanwe ukutani, kwani besi hujikusanya hapo na kuonekana nyingi kuliko ilivyo.

Baada ya hapo weka wimbo uleule uliokwenda nao dukani, umuombe mwenzako asogeze spika upana wa kiganja kwa kila mara wakati wewe umekaa. Besi ikizidi, mbele kidogo. Ikikonda, nyuma kidogo. Mwimbaji akitawanyika, zisogeze karibu au uzigeuze zikutazame zaidi. Fanya hivyo jioni mbili tatu, si moja, maana sikio lililochoka huamua vibaya. Mahali pake pakipatikana, weka alama sakafuni kwa selotepu kila pembe ya stendi, ili siku ya kupiga deki zikiondolewa zirudishwe palepale.